Mashudu ya pamba na mayai ya kijani

Mwaka jana mashudu ya alizeti ninayolishia kuku wangu, yale makapi ya mbegu iliyokamuliwa mafuta, yalipanda bei, nikahamia ya pamba. Muuzaji pale Mbalizi, Mbeya, hakusema kitu, nami sikuuliza. Wiki chache baadaye mama mmoja muuza chipsi akanirudishia trei nzima. "Baba, njoo uone mwenyewe." Akapasua yai kwenye bakuli: kiini kimeingia ukijani wa matope, kama mlenda uliolala.

Chanzo ni gosipoli, kemikali ambayo mmea wa pamba huitengeneza wenyewe. Inashikana na madini ya chuma yaliyomo kwenye kiini, na yai likikaa siku kadhaa rangi inageuka. Wafugaji wenzangu wanaiita sumu ya pamba. Jina hilo mimi naona linauonea mmea, maana kwake ni kinga.

Huku nyanda za juu hatuijui pamba shambani. Kilimo chake kilizuiwa kusini kwa hofu ya funza mwekundu, mdudu anayeshambulia pamba, hivyo sisi tunakutana nayo ikiwa kwenye kiroba. Ukipata mbegu, ipasue: ndani utaona nukta nyeusi, kama mtu amenyunyizia pilipili manga. Ndivyo vifuko vya gosipoli. Majani nayo yanavyo, na mdudu akitafuna anakutana na uchungu.

Kinachonishangaza zaidi ni mambo ya mizizini. Kuvu wa mnyauko aliye udongoni huingia kwenye mirija ya maji na kupanda nayo juu. Mmea ukimshtukia, unaziba mirija kwa vivimbe, na seli za jirani zinaanza kupika kemikali ndugu za gosipoli palepale penye maambukizi, dawa ambayo kabla ya hapo haikuwepo. Ni mashindano ya mbio: mmea ukichelewa, kuvu keshapita.

Watafiti waliwahi kuzalisha pamba isiyo na vifuko kabisa. Wadudu wakaifanyia karamu. Baadaye mtafiti Keerti Rathore wa Texas akaizima gosipoli kwenye mbegu tu, majani yakabaki na ulinzi wao, na Marekani ikaruhusu mbegu hiyo iliwe mwaka 2019.

Hapa kwetu mimi nataka kitu kidogo tu: kiroba kiandikwe ni mashudu ya mmea gani, na mnyama gani asipewe. Ng'ombe mkubwa anayamudu, tumbo lake la kwanza linaifunga gosipoli. Ndama hawezi. Nguruwe moyo unaharibika na anaweza kufa, na huku kwetu kila nyumba ya tatu ina banda la kitimoto.

Mashudu yangu yaliyobaki nilimuuzia jirani mwenye ng'ombe, na nilimwambia. Mama wa chipsi siku hizi ananunua kwingine.