Winchi Iliyoipenda Suruali Yangu

Kwenye winchi, ile mashine ya mbele ya gari inayolivuta likinasa, mimi nilikuwa mtu wa waya. Waya wa chuma, mzito, unaolia krrr ukipita kwenye rola, vile vyuma vya kuuongoza kuingia winchi. Shemeji yangu alinihubiria kamba ya sintetiki kila tulipopakia gari kwenda porini, nami kila mara nilimjibu kwamba kamba ni ya kuanikia nguo. Gari la tani mbili na ushee silifungi uzi wa kiatu!

Hoja alikuwa nazo, hilo sibishi. Kamba ya nguvu sawa na waya ina uzito wa kama sehemu moja ya saba tu. Inaelea majini. Tena ikikatika hairuki kwa hasira kama waya, maana haivutiki sana na yenyewe ni nyepesi. "Waya ni nyoka, shemeji," alikuwa akisema. "Unamlea tu."

Nyoka mwenyewe aliniuma siku tuliyojinasua kwenye tope la magotini. Gari limeshatoka, kazi iliyobaki ni kuurudisha waya kwenye ngoma ya winchi. Shemeji kashika rimoti. Mimi nauongoza waya kwa mkono ili ujipange vizuri, jambo ambalo mtu mwenye akili halifanyi karibu na winchi inayozunguka. Waya ule ulikuwa mzee, nyuzi zake zimekatika hapa na pale na kusimama kama miba ya nungu. Mikononi nilikuwa na glavu nene za ngozi. Suruali haikuwa na glavu.

Mwiba mmoja ulinasa hapa, chini kidogo ya mfuko. Nikahisi navutwa taratibu, kwa heshima kabisa, kama bwana harusi anayepelekwa ukumbini. Nikapiga kelele, "Suruali! Suruali!"

Injini inanguruma. Shemeji, macho kwenye simu, akaitika, "Swali? Uliza tu, shemeji!"

Ikabidi nichague kati ya heshima na mguu. Nikafungua mkanda, nikachomoka. Shemeji aligeuka akakuta winchi inatafuna suruali, nami nimesimama pembeni kwa bukta na glavu. Rimoti aliiachia. Si kwa busara, ni kwa kicheko.

Wiki hiyohiyo nikanunua kamba. Shemeji akafurahi, akaongeza neno moja: "Toa na hizo rola. Weka mdomo wa aluminiamu, mpya, ambao haujapitishwa waya."

"Rola ni rola," nikamwambia. Nilikwishatumia hela ya kutosha kwa uzi wa kiatu.

Safari iliyofuata gari likakita ekseli kwenye ukingo wa kijito. Tukafunga kamba kwenye mti mnene, kwa mkanda mpana ili tusiuchune gome. Shemeji akashika rimoti. Kwa mazoea yangu ya waya, nikaenda kujilaza nyuma ya kichuguu, mikono kichwani, nikisubiri mlio wa kifo.

Nilichosikia ni "tap".

Nikainua kichwa. Kamba imelala kwenye majani kama mkia wa ng'ombe aliyechoka kufukuza nzi. Gari lenyewe lilirudi kinyumenyume mpaka katikati ya kijito, likatulia kama kuku anayeatamia.

Shemeji hakusema kitu. Alipitisha kidole kwenye rola, kwenye mfereji ambao waya wangu mpendwa uliuchimba miaka yote ile. Kingo zake zilikuwa kali kama kifuniko cha kopo. Kisha akaniangalia. "Rola ni rola," akasema.

Uzuri wa kamba ni kwamba inaungika. Kila ncha aliiingiza kwenye tumbo la mwenzake, akavuta na kukaza. Nusu saa tukawa na kamba tena, fupi kidogo. Shida ikabaki ule mfereji. Tulihitaji kitambaa kigumu cha kuuziba. Shemeji akafungua sanduku la vifaa, akapekua chini kabisa ninakoweka matambara ya kufutia oili, akaibuka na suruali. Ile ile. Mguu mmoja mzima, mwingine kama umepita kinywani mwa fisi.

Akaizungushia rola, akaifunga kwa waya mwembamba. Safari hii sikwenda kichuguuni. Nilisimama kando, mbali na kamba, nikitazama. Winchi ikaanza. Gari likanyanyuka inchi kwa inchi, maji yakichuruzika milangoni, na kamba ikapita juu ya jinzi yangu bila mkwaruzo. Nilikaribia kuona fahari.

Magurudumu ya nyuma yalipogusa nchi kavu tu, nikaona mguu mzima wa suruali umejichomoa kwenye rola, unaifuata kamba ndani. Kisha kiuno. Kisha mkanda.

"Suruali!" nikapiga kelele.

Shemeji hata hakugeuka. "Uliza tu."