Kufyatua bila kalibu: ubishi wa mashine za kwanza za matofali

Ukitaka kujua ugumu wa kutengeneza tofali uko wapi, usimtazame fundi anapojaza kibao, mtazame anapokinyanyua. Pembezoni mwa Iringa niliwahi kukaa asubuhi nzima kandokando ya bonde, nikimwangalia kijana mmoja akifanya kazi hiyo. Alichota tonge la udongo, akalibamiza kwenye kibao cha vyumba viwili, akafuta juu kwa kiganja kilicholowa. Sekunde chache tu. Kisha akakibeba kibao mpaka uwanjani, akakigeuza, na hapo akasita. Alikivuta polepole kama mtu anayesikilizia kitu. Udongo ukishika ubao, kona inabaki ndani na tofali linatoka kama limeng'atwa. Ndiyo maana kabla ya kila tonge alichovya kibao kwenye maji na kunyunyiza mchanga.

Kiswahili kililiona jambo hilo zamani. Hatusemi kujaza tofali wala kuliunda, tunasema kufyatua, kitenzi kile kile cha mtego na bunduki. Kazi nzima imebeba jina la hatua yake ya mwisho, ile ya kuachia. Na ukiisoma historia ya mashine za matofali za karne ya 19, hasa Uingereza na Marekani, utaona wabunifu wake walihangaishwa na swali hilo hilo: tofali litafyatukaje? Walijibu kwa namna zilizopishana sana, wakabishana, na ubishi wenyewe haukuwa wa kijinga upande wowote.

Tuanze na walioona mashine haina haja. Mfyatuzi mmoja wa Kiingereza akiwa na wasaidizi wake, wa kukanda, wa kubeba na wa kupanga, aliweza kutoa matofali elfu kadhaa kwa siku ndefu ya kiangazi. Reli za kwanza zilijengwa kwa mikono ya watu hao. Handaki la Kilsby, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2 kwenye reli ya London hadi Birmingham, lilimeza takriban matofali milioni 36 na likafunguliwa mwaka 1838, kabla mashine haijawa kitu cha kutegemewa. Mwenye kiwanda aliyeulizwa kwa nini hanunui mashine alikuwa na la kujibu: mashine ni mtaji unaokaa bure majira yote ya baridi, kwa kuwa tofali bichi likigandishwa na baridi linapasuka. Wafyatuzi huwalipi wakati huo. Jibu hilo lina ukatili ndani yake, ila kwa mahesabu ya biashara halikuwa na kosa.

Kitu pekee kilichokwisha kukubalika katika viwanda vingi kilikuwa kinu cha kukandia. Pipa lililosimama, mhimili katikati, visu vimeshikizwa kwenye mhimili, na farasi nje akizunguka na boriti, sawa na ngamia wa vinu vya mafuta ya ufuta vya Lamu na Zanzibar. Udongo uliingia juu na kutokea chini ukiwa laini. Kinu hiki hakikugombana na mtu, kwa sababu kilikanda tu, hakikufyatua.

Waliokuja baadaye wakataka kuuiga mkono wenyewe. Wazo lilikuwa jepesi: weka kalibu, yaani kile kibao cha tofali, chini ya kinu, sindilia udongo kwa bamba, sukuma kalibu nje, ingiza nyingine. Huko Haverstraw, kando ya mto Hudson katika jimbo la New York, Richard VerValen alitengeneza mashine ya namna hiyo mwaka 1852, na mji ule ukawa mmoja wa miji mikubwa ya matofali nchini Marekani, yakishuka kwa majahazi kwenda kujenga jiji la New York. Udongo ulikuwa laini, karibu uji mzito, kwa hiyo nguvu ndogo ilitosha kuusukumia katika kila pembe. Lakini kalibu bado zilipakwa mchanga, bado mtu alizibeba na kuzigeuza uwanjani. Mashine ilijaza, binadamu akafyatua. Wapo wanaoiita hiyo nusu mashine kwa dharau. Mimi naona ilikuwa busara: walikabidhi chuma kile ambacho chuma kilikiweza.

Jibu la pili ndilo linalonivutia zaidi, maana lilifuta swali. Kama shida ni kutoa tofali kwenye kalibu, basi ondoa kalibu. Kila nyumba ya pwani inayokaanga tambi za dengu inaijua mashine yenyewe: unajaza unga kwenye silinda, unakandamiza, tambi zinatoka kwenye matundu. Badili tundu liwe la mstatili wenye upana wa tofali na utapata mche wa udongo, mrefu na ulionyooka kama mche wa sabuni, nao unakatwa kwa waya kama muuza duka anavyokata sabuni.

Teknolojia hii ilikomaa kwanza kwenye mabomba ya kukaushia mashamba, na sababu moja ilikuwa kodi. Tangu mwaka 1784 serikali ya Uingereza ilitoza matofali, ikianza na shilingi mbili na nusu kwa kila elfu moja. Vigae na mabomba ya mashamba vilisamehewa kuanzia 1826, mradi vipigwe muhuri wenye neno la kuonyesha kwamba ni vya mifereji. Chama cha kifalme cha kilimo kikashindanisha mashine za mabomba katika miaka ya 1840 na kutoa zawadi. Kodi ya matofali ilipofutwa mwaka 1850, mafundi wa mabomba walikuwa tayari na ujuzi mkononi. Mwaka uliofuata, kwenye Maonyesho Makuu ya London, Henry Clayton alikuwa akionyesha mashine zake za kusukuma udongo na kuukata.

Mashine ya mtindo wa tambi ina kasoro yake: silinda ikiisha lazima usimame, ufungue, ujaze tena. Suluhisho lilikuwa kuchukua visu vya kile kinu cha farasi, kuvipa mwinamo, na kuvifanya parafujo inayosukuma bila kupumzika, kama mashine ya kusagia nyama. Huko Philadelphia, Cyrus Chambers, mtu aliyejulikana pia kwa mashine za kukunja karatasi, alipata hataza, yaani haki ya mbunifu, ya mashine ya aina hiyo katika miaka ya 1860, nayo ilijikatia matofali yenyewe huku mche ukiendelea kutoka. Hilo la kujikatia si dogo. Mche ukiwa unatembea na waya ukashuka wima, mkato unatoka mshazari. Ama usimamishe mche, ama kikatio kitembee pamoja nao kwa mwendo ule ule, kikate, kirudi haraka kuanza upya. Na kokoto moja ikikutana na waya, waya unaiburuta na kuacha mfereji usoni mwa tofali. Kwa hiyo mashine ya kusukuma ikadai rola za kuponda mawe kabla yake, na rola zikadai injini kubwa zaidi.

Wapinzani wa mtindo huu walikuwa na hoja nzito kuliko kokoto, nami nakiri walikuwa sahihi. Udongo unapopita mdomoni hauendi kwa mwendo mmoja. Unaogusa kuta unachelewa kwa msuguano, wa katikati unakimbia. Pembeni mche unararuka na kuwa na meno kama msumeno. Hilo lilitibiwa kwa kuupa mdomo umbo la kubana taratibu na kuulowesha kuta zake kwa maji au mafuta. Ugonjwa wa ndani ulikuwa mbaya zaidi: parafujo inauviringisha udongo tabaka juu ya tabaka, na pale mhimili unapokoma kunabaki kovu katikati. Vunja tofali la zamani la namna hiyo na mara nyingine utaliona, mzunguko kama wa konokono. Kwenye nchi ya theluji, maji yanaingia katika nyufa hizo, yanaganda, yanatanuka, na uso wa tofali unabanduka kama ngozi ya kitunguu. Tonge lililobamizwa kwa mkono halina tabaka hizo. Mwashi mzee aliyesema la mkono ni bora hakuwa akitetea ukale tu.

Upande wa tatu ukasema: tatizo lenu nyote ni maji. Chukua tofali bichi la kilo 4 lililofyatuliwa kwa mkono, ambalo maji ni takriban robo ya uzito wake. Hiyo ni lita nzima. Matofali 10,000 yana tani 10 za maji, na maji hayo yote lazima yatoke kwa jua na upepo kabla ya moto, wiki kadhaa, mvua ikikuangalia kwa hamu. Ukitumia udongo mkavu zaidi, unapunguza mzigo huo. Lakini udongo mkavu haujipenyezi kwenye kona. Lazima uushindilie kwa nguvu ambayo farasi hana.

Kule Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, Richard Bradley na William Craven waliifanya kazi hiyo kwa chuma kizito. Mashine waliyoipatia hataza mwaka 1853 ilikuwa na kinu kilichosimama juu ya meza ya duara yenye kalibu. Meza inasogea hatua moja, kalibu inajazwa. Inasogea tena, na pistoni, chuma cha kusukuma kutoka chini, inaliinua tofali mpaka usawa wa meza. Fyatuo limefanyika bila mchanga na bila kugeuza, kwa kusukumwa tako. Tofali likashindiliwa mara ya pili na likatoka gumu kiasi cha kupangwa moja kwa moja kwenye tanuru. Uwanja wa kuanikia ukakosa kazi. Baadaye eneo la Peterborough lilikwenda mbali zaidi na udongo wa Fletton uliosagwa kuwa kama unga wenye unyevu kidogo. Unga una hewa ndani yake, na ukiubana mara moja hewa inanaswa na tofali linapasuka. Kwa hiyo ulibanwa, ukaachiwa, ukabanwa tena. Jina la kibiashara Phorpres lilikuwa mchezo wa maneno juu ya kubanwa mara 4.

Bei ya yote hayo ilikuwa mvuke. Mtindo wa kubana unaokoa jua na kuteketeza makaa; mtindo wa laini unaokoa makaa na kudai jua. Ndiyo maana naona swali la mashine ipi ilikuwa bora limekaa vibaya. Wakefield ilikuwa na makaa karibu na mwamba mgumu wa migodini ambao mkono usingeufinyanga. Haverstraw ilikuwa na udongo laini, mchanga na mto. Kila mji ulibuni mashine ya udongo wake, kisha wauzaji wakaitangaza kana kwamba ni ya udongo wote duniani.

Ila nikishurutishwa kuchagua, nachagua kusukuma. Si kwa ubora wa tofali, ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa mashaka, bali kwa sababu ndiyo pekee isiyosimama, na mwaka 1858 Friedrich Hoffmann wa Ujerumani alipata hataza ya tanuru la duara ambalo moto wake hauzimwi: unahama chumba hadi chumba huku matofali yakipangwa mbele na kutolewa nyuma. Tanuru lisilozimika linataka mashine isiyopumzika. Kabla ya hapo, mashine yenye kasi ilikuwa inatengeneza foleni tu.

Wafanyakazi nao hawakukaa kimya. Mjini Manchester na vitongoji vyake, waashi walikataa kujengea matofali ya mashine, na katika miaka ya 1860 watu walichanganya sindano ndani ya udongo wa wenye viwanda waliogombana na chama cha wafanyakazi, ziwachome viganja wanaofyatua. Tume ya kifalme ilichunguza visa hivyo. Ni rahisi kuwaita wahuni. Lakini tusiupambe mkono pia: mkono huo uliopakwa sifa za ufundi ulibebewa udongo na watoto. George Smith wa Coalville, aliyekulia kwenye viwanda vya matofali, alipiga kelele hadi sheria ya mwaka 1871 ikazuia watoto wa chini ya miaka 10, na wasichana wa chini ya 16, kufanya kazi hiyo. Mashine haikuwatoa, sheria ndiyo iliyowatoa, kisha mashine ikajaza pengo.

Kwetu mabishano haya yalipita kwa mlango mwingine. Mwaka 1956 Raúl Ramírez, mhandisi huko Bogotá nchini Kolombia, alitengeneza CINVA-Ram, sanduku la chuma lenye mkono mrefu. Udongo wenye unyevu kidogo na saruji unamiminwa, mtu anauning'inia mkono kwa uzito wake, kisha anaugeuzia upande wa pili na tofali linapanda. Ni ile pistoni ya Wakefield bila injini. Ndugu zake ndio hizi mashine za matofali ya kufungamana unazozikuta leo zikifyatua Dodoma na kwingineko. Niliisogelea moja hivi karibuni. Pembeni ya mashine palikuwa na kopo la oili chafu na kitambaa, na kila baada ya matofali machache kijana alifuta kuta za ndani, haraka haraka, kabla udongo haujapata nafasi ya kushika.