Kipeperushi Kimoja, Kamati Nzima

Jamani, kipeperushi cha utalii ni karatasi moja tu ya A4, inakunjwa mara mbili iwe na kurasa tatu kila upande, lakini wasikilize wateja wa Mbeya uone: utadhani ni lori la kwenda Tunduma, kila mtu ana mzigo wa kupakia.

Mteja huja na maneno matamu. "Kaka, tunataka kitu cha Hifadhi ya Kitulo, maua tupu." Safi kabisa. Mada moja, picha kubwa moja mbele, rangi za kazi nzima zinachumwa humo humo kwenye maua. Halafu kamati inakaa. Mjumbe wa Rungwe anasema Ziwa Ngosi lisipokuwemo ni dharau. Mwingine anataka ufukwe wa Matema. Wa tatu analeta Kimondo cha Mbozi, kiko mkoa wa Songwe lakini eti njia ni hiyo hiyo. Mweka hazina anadai simba wa Ruaha, maana mzungu bila simba hasomi. Mwisho kabisa mwenyekiti, kwa unyenyekevu mkubwa, anaomba picha yake ya suti ikae mbele. Maua yamesukumwa pembeni, saizi ya stempu.

Na hayo maua huchanua msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Kazi inaagizwa Agosti, uwanda mkavu, baridi inang'ata masikio, mtu anakwambia "nendeni mkapige picha mpya". Picha ya nini, nyasi?

Basi watatuma za zamani, kwa WhatsApp. Picha ya kujaza upande mzima wa A4 inahitaji pikseli 3,500 hivi kwa urefu, yaani 300 kwa kila inchi. WhatsApp ikishaikamua inabaki na nusu au pungufu. Kwenye simu inameremeta. Kwenye karatasi ni ukungu wa Uyole asubuhi. Ukiwaomba waitume kama dokumenti, wanapiga picha kioo cha simu nyingine na kuituma hiyo, kama dokumenti! Nembo ndiyo usiseme: imepigwa picha kwenye fulana, na mwenye fulana kaivaa.

Kisha ugomvi wa rangi. Kioo kinatoa mwanga, mashine inapaka wino wa rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Ile kijani inayowaka kwenye kompyuta haimo kwenye wino, hata ukigombana na fundi. Bluu ukiizidishia majenta inatoka zambarau. Maandishi madogo yawe meusi matupu, wino mmoja. Yakichanganywa na rangi zote nne, sahani (yale mabati ya kuchapia, moja kwa kila wino) zikicheza kidogo tu kila herufi inaota kivuli. Tena kuna faida nyingine: namba ya simu ikikosewa baada ya sahani kutengenezwa, unarudia sahani nyeusi peke yake badala ya zote nne za upande huo. Na itakosewa. Ipigeni kabla ya kusaini, jamani, ipigeni, msikie nani anapokea.

Karatasi: gramu 130 hadi 170 kwa mita ya mraba inakunjika vizuri. Lakini mkubwa anataka "ngumu, ya heshima", gramu 300, asilipie kuipiga mstari wa mkunjo kwanza. Inakunjwa, wino unapasuka, mstari mweupe unapita katikati ya uso wa mwenyekiti. Na picha zinazofika ukingoni zivuke milimita 3 nje ya mstari wa kukata, la sivyo kisu kikihama kidogo unaachiwa ukanda mweupe pembeni.

Kazi imetoka, imekunjwa, imefungwa. Ndipo mweka hazina anakuja na rula. "Kurasa mbili zina milimita 100, hii ya tatu 97. Mmetupunja." Mzee, hiyo ndiyo inayoingia ndani! Ikilingana na wenzake inagonga mkunjo, inajikunyata, na kipeperushi kinatuna tumbo. Ndiyo maana upande wa nje, ukisoma kutoka kushoto, inaanza hiyo ya 97, kisha ukurasa wa nyuma, kisha jalada. Upande wa ndani hiyo ya 97 inahamia kulia. Unaeleza, unakunja, unakunjua. Anatikisa kichwa, anaandika kwenye daftari lake, kisha anauliza kama bei ya hizo milimita tatu itakatwa kwenye kila nakala.