Kumbe DE Si Dar es Salaam

Mguu wangu ni namba 47. Naanzia mguuni kwa sababu ndiko balaa lilikoanzia. Mtwara mjini nimepekua maduka na mitumba yote, kiatu cha namba hiyo hakuna. Tangu nimalize kidato cha nne navaa makubadhi ya kushonesha, na fundi wangu huwa anapima mguu huku anatikisa kichwa kama anayepima mlango.

Dada yangu mkubwa anaishi Hamburg. Aliponiuliza navaa namba ngapi, niliandika 47 kwa kalamu kwenye karatasi safi, nikaipiga picha, nikamtumia. Ningeweza kuichapa tu kwenye simu, lakini mimi nina duka la steshenari karibu na soko, na mwandiko wangu nauonea fahari. Natoa kopi, naandika barua za maombi ya kazi, najazia watu fomu za mtandaoni. Yaweke akilini hayo, utajua aibu yangu ilikuwa na uzito gani.

Baada ya wiki kadhaa dada akaleta ujumbe: "Mdogo wangu, viatu nimetuma, na nimechomeka na kitu kitamu ambacho huko hampati." Risiti ilikuwa imefifia, kwa hiyo namba ya kufuatilia mzigo aliinakili kwa mkono wake, naye akapiga picha. Sanduku la posta alilotumia ni la mjomba wetu wa Mikindani, mwalimu mstaafu, maana mimi sina sanduku. Ukoo mzima tunatumia la mjomba.

Namba ilikuwa na herufi mbili, CP, kisha tarakimu tisa, kisha herufi mbili nyingine, DE. Nikaiingiza kwenye kompyuta. Haipatikani. Kesho yake, haipatikani. Wiki ya pili nikawa naiingiza kabla sijafungua dirisha la duka.

Kosa lingine ni kwamba nilishatangaza kijiweni. Nilisema tu "mzigo kutoka Ujerumani" nikinywa kahawa. Habari ilipofika Magomeni ulishakuwa kompyuta mpakato. Ilipofika Shangani ulikuwa na injini.

Nikaenda posta yetu. Dada wa dirishani akauliza, "Una karatasi ya taarifa?" Sina. "Sanduku la nani?" La mjomba. "Basi muulize mjomba wako, kaka."

Nikampigia. "Shikamoo mjomba. Sandukuni hamna mzigo wangu?"

"Marahaba. Mzigo? Hamna mzigo, mwanangu."

Hakusema uongo. Jozi ya viatu haiwezi kukaa ndani ya kisanduku kile cha barua. Hilo nililiona baadaye.

Usiku ule nilikaa na ile namba kama mganga na tunguri zake, na ufunuo ukashuka. CP, nikasema, ni Central Posta. Na DE? Hata mtoto wa chekechea anajua: D ya Dar, E ya es. Mzigo umekwama Dar es Salaam! Nilimwamsha mke wangu nimsomee. Akasema, "Mbona Salaam haimo?" Nikamwambia wamefupisha, alale.

Alfajiri nikapanda basi. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na kwa mguu wa namba 47 kila kilomita unaihisi kwenye goti, maana viti vya basi walitengenezewa watu wenye adabu. Tukapita Mingoyo, Nangurukuru, Somanga. Kwenye Daraja la Mkapa nikautazama mto Rufiji nikawaza, viatu vyangu vimeshavuka hapa au bado? Nilikuwa navifuata. Kwa kweli tulikuwa tumepishana zamani.

Asubuhi ya pili nikasimama mbele ya mzee mmoja wa vifurushi, miwani kwenye ncha ya pua. Nikamwamkia, nikampa karatasi, nikamweleza kwa sauti ya mtu anayejua haki zake kwamba mzigo wangu upo hapo.

Akaingiza namba. Haipo. Akaiangalia karatasi, akachukua kikokotoo.

"Kijana wangu, hizi tarakimu nane za mwanzo ndizo jina la mzigo. Ya tisa ni mlinzi. Kazi yake ni kuwakamata watu kama wewe."

Akanifundisha palepale, foleni ikisubiri nyuma yangu. Tarakimu ya kwanza unazidisha kwa 8, inayofuata kwa 6, kisha 4, 2, 3, 5, 9, na ya nane kwa 7. Unajumlisha. Unagawa kwa 11. Kinachobaki unakitoa kwenye 11, na jibu ndiyo tarakimu ya tisa. Yangu ilijumlika 192. Gawa kwa 11, inabaki 5. Kumi na moja toa tano, sita.

"Mlinzi wako hapa ameandikwa nane," akasema. "Kuna tarakimu umeisoma vibaya. Aliyekuandikia yuko wapi?"

"Ujerumani, mzee."

Akacheka hadi miwani ikaanguka mezani. "Hii unayoiita saba ni moja! Wajerumani moja yao ina mkono mrefu, kama paa la kibanda. Saba wanaikata tumbo kwa mstari. Hii imekatwa tumbo?"

Haikukatwa. Akaweka moja, jumla ikashuka hadi 168, ikabaki 3, na kumi na moja toa tatu ni nane. Mlinzi akafungua geti.

"Na hii DE," akauliza kwa upole ambao sasa najua ulikuwa mtego, "wewe ulidhani nini?"

"Dar es Salaam, mzee."

Foleni nzima ilinyamaza. Kisha haikunyamaza.

"DE ni Deutschland, yaani Ujerumani," akasema alipopata pumzi. "Herufi za mwisho ni nchi ulikotoka mzigo. Ndivyo Umoja wa Posta Duniani ulivyopanga. Wewe ukituma korosho zako kutoka Mtwara, mwisho zitaandikwa TZ. Na CP ni aina tu, kifurushi." Akageuza kioo nione. Mzigo ulifika Mtwara siku 19 zilizopita. Kutoka dukani kwangu hadi ile posta ni mwendo wa kumaliza kashata moja.

Safari ya kurudi sitaisimulia. Nililala.

Nilishukia moja kwa moja Mikindani. Mjomba alikuwa barazani. Nikamuuliza, safari hii kwa uangalifu: sandukuni hamkuwa na karatasi yoyote yenye jina langu?

Akatazama kushoto na kulia, akaniingiza ndani, akafunga mlango. Akaitoa chini ya godoro.

"Nilikusitiri, mwanangu," akanong'ona. "Niliona jina lako, muhuri, na maneno ya kulipia tozo. Nikajua mtoto wa dada yangu anadaiwa na serikali. Sikumwambia hata mke wangu."

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Nilimshukuru. Tukapanda bajaji pamoja, maana sanduku ni lake na alitaka kuona deni lenyewe.

Posta mzigo ukaletwa, na tozo ya kuhifadhi ikawa imenenepa vizuri kwa zile siku ulizolala. Dada wa dirishani akaisoma fomu ya forodha iliyobandikwa juu, akakunja uso. Muhuri ulikuwa umekalia nusu ya mstari wa pili, na kilichosomeka ni herufi nne: CASH.

"Kaka, humu umetumiwa hela? Kwenye kifurushi hela haziruhusiwi."

Neno "hela" katika ukumbi wa posta halihitaji kipaza sauti. Watu wakasogea. Mjomba akanishika mkono kama anayenizuia nisikimbie. Kikafunguliwa mbele ya wote, na mkono ukatoa pakiti inayong'aa, imeandikwa CASHEWS: korosho. Korosho za asali na pilipili, zilizobanguliwa Vietnam, zikauzwa Hamburg, zikarudi Mtwara.

Mama mmoja aliyekuwa na beseni la korosho miguuni akaomba moja, akatafuna taratibu. "Imekaa sana hii," akasema, akanipimia kikombe cha zake, bure, kwa huruma.

Chini kabisa kulikuwa na viatu. Vyeusi, ngozi nzito, kamba mpya. Nikaketi kwenye benchi, nikavua kubadhi, nikasukuma. Vidole viliingia, mguu ukabaki nje kama mgeni asiyekaribishwa. Nikageuza soli: 41.

Nikampigia dada papo hapo. "Si uliandika mwenyewe 41?" akasema. "Picha ninayo. Saba ungeikata tumbo."

Nilipokata simu, mjomba alikuwa ameshafunga kamba. Akatembea hadi mlangoni, akarudi, akavitazama.

"Vimenikaa," akasema. "Hilo deni nalo umeshalilipa?"