Ayub Ogada si muziki wa kupambia twiga

Inasambaa video moja ya utalii: twiga, machweo, nyasi zikiyumba, na chini yake nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, ikipigwa na Ayub Ogada, mwanamuziki wa Kenya. Jina lake halikuandikwa popote. Mtu akauliza wimbo ni wa nani, akajibiwa, "Ni ule wa kwenye filamu." Nimeudhika kweli.

Haya, wimbo wake Kothbiro ulisikika kwenye filamu The Constant Gardener mwaka 2005, na bila filamu hiyo wengi wasingemsikia kabisa. Nalikubali hilo shingo upande. Lakini albamu yake, En Mana Kuoyo, ilitoka mwaka 1993. Nani ameisikiliza mwanzo hadi mwisho?

Tumezoea kuamini kwamba ala za asili ni za shangwe tu: kupokea wageni uwanja wa ndege, kuchangamsha mkutano kabla mheshimiwa hajahutubia. Na kweli nyatiti inaweza kuchangamsha. Ina nyuzi nane, mpigaji ameketi kwenye kigoda, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ukingo wa ala, njuga zinalia. Ogada alichukua ala hiyohiyo akaipiga taratibu, akaimba kama mtu anayejisemea usiku watu wamelala. Kothbiro yenyewe inasema nini? Auma anaambiwa mvua inakuja, ng'ombe warudishwe nyumbani. Basi. Sijui Kijaluo, lakini kila nikiusikia napata ule wasiwasi wa mtu mzima anayetazama mawingu huku watoto bado wako malishoni. Huyo ni mtunzi aliyefikiri, akachagua kila noti, akaacha nafasi ya ukimya. Anastahili kusikilizwa kwa utulivu uleule tunaowapa washairi.

Alifariki Februari 2019. Wiki hiyo rambirambi zilimiminika, kisha kimya.

Kwa Hukwe Zawose ni yaleyale. Mgogo yule wa Tanzania, mpigaji wa zeze na ilimba (ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba), aliyefundisha Bagamoyo na kuimba duniani kote hadi kifo chake mwaka 2003, kwetu amebaki jina la kutajwa kwenye hotuba za utamaduni.

Ila binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha, mwaka 2024. Wako hai, wanapiga sasa hivi. Watafuteni hao kabla hatujaanza kuandikiana rambirambi tena.