Betri ya nyuma haijafa, moto ndio haufiki

Nina Land Cruiser ndefu ya injini ya dizeli, 1HZ, yenye hema juu ya paa, friji nyuma na droo mbili za vyombo. Nawakodishia wageni wanaotaka kulala porini, na mara nyingi naliendesha mwenyewe. Lina betri mbili. Ya mbele inawasha injini; ya nyuma inabeba friji, taa na kuchaji kamera. Hiyo ya nyuma inatakiwa ijazwe na oltaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, gari likiwa linatembea. Nasema inatakiwa, maana kwa miezi kama saba moto, yaani umeme, haukuwa unaifikia, na ndani ya miezi hiyo nilinunua betri mpya mbili.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusipotezeane muda: fundi anayekwambia "betri imekufa" kabla hajashika mita ya kupimia umeme, mshukuru, funga boneti, ondoka.

Yalianzia Seronera, katikati ya Serengeti. Tulitoka Arusha alfajiri, tukapita Karatu, tukapanda Ngorongoro, tukafika lango la Naabi mchana, na jua likazama tukiwa tunapiga hema. Gari lilikuwa limenguruma karibu siku nzima. Kwa akili ya kawaida betri ya nyuma ilipaswa kufika kambini imeshiba. Saa nne usiku friji ikaanza kulia na taa yake nyekundu ikawaka. Ndani mlikuwa na nyama ya wageni ya siku tatu, na nje fisi wanapita kati ya mahema kama watu wanaotafuta namba ya nyumba. Kuwasha injini saa hiyo kambini ni kuwatukana majirani. Nikaizima friji, nikalala. Asubuhi siagi ilikuwa ya kunywa.

Fundi wa kwanza aliigonga betri kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa. Nikanunua nyingine. Safari mbili zikaenda vizuri, nikamsifu mbele za watu. Ya tatu, friji ikalia tena usiku. Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Betri mpya hutoka dukani imejaa, na mimi kabla ya kila safari nilikuwa naichaji nyumbani kwa chaja ya ukutani. Ilikuwa inaishi kwa akiba ya nyumbani. Porini haikuwa inaingiza kitu, ila kwa kuwa ilikuwa na afya ikavumilia usiku mbili tatu. Kila ikishuka na kukaa hivyo siku kadhaa bila kujazwa, sahani zake za madini ya risasi zikawa zinashika ukoko wa salfeti, na uwezo ukapungua. Kwa hiyo mwishoni fundi alikuja kusema kweli: betri ilikuwa mbovu, nikanunua ya pili. Ila ilikuwa imeuawa, na muuaji alibaki garini akisubiri nyingine.

Fundi wa pili alishuku oltaneta, akaifungua, akabadilisha kaboni, zile brashi za ndani. Najilaumu kwa hili. Betri ya mbele haikuwahi kunisumbua hata asubuhi moja, na oltaneta ni moja kwa betri zote mbili. Ingekuwa ndiyo mbovu, gari nalo lingegoma kuwaka. Nililipa kwa kutofikiri.

Wa tatu ni mzee mmoja wa Unga Limited, mtaa wa Arusha, umeme wa magari ameufanya tangu zama za Land Rover. Hakugonga kitu. Alichukua mita yake iliyofungwa kwa raba ya baiskeli, akapima betri zote mbili gari likiwa limezimwa. Mbele volti 12.6, yaani imejaa. Nyuma 12.0, njaa. Akaniambia niwashe injini na friji. Mbele ikapanda hadi 14.1, na hiyo peke yake iliiondolea oltaneta kesi. Nyuma ikasoma 12.1.

"Umeona, mwanangu? Wewe unabadilisha ndoo, bomba limeziba."

Kazi ikabaki ni kutafuta limeziba wapi. Kati ya betri mbili kuna rilei, yaani swichi ya umeme, ya kuzitenganisha, ili friji isije ikainyonya ya mbele mkashindwa kuwasha gari kati ya simba. Ya kwangu inaziunganisha yenyewe volti zikipanda kufika kama 13.3 na kuzitenganisha zikishuka kufika 12.8. Akaweka kidole juu yake, nikawasha injini upya, baada ya muda ikalia tak. Upande wa kuingilia 14.1, upande wa kutokea 14.1. Nzima. Akafunga kipande cha waya mrefu kwenye sindano nyeusi ya mita, akakishikiza kwenye kichwa cha hasi cha betri ya mbele, akaenda nyuma na sindano nyekundu. Kichwa cha chanya cha betri ya nyuma: 14.0. Kwenye njia nzima ya chanya, pamoja na rilei na fyuzi, ilipotea volti 0.1 tu.

Kisha akaihamishia sindano nyekundu kwenye kichwa cha hasi cha betri hiyo hiyo ya nyuma. Hasi kwa hasi. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ilisoma 1.9.

Nilibaki nimeduwaa. Miezi saba sote tulikuwa tunafuata waya mwekundu, na ugonjwa ulikuwa kwenye ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye mwili wa gari. Aliyefunga betri ile alikuwa ameibana ethi kwenye bodi kwa bolti moja, juu ya rangi. Na bodi ya Land Cruiser hii haikai juu ya fremu chuma kwa chuma, imekalia mipira. Moto ukitaka kurudi mbele lazima upite kwenye vile vipande vya waya vinavyounganisha bodi na fremu na injini. Cha kwangu kilikuwa chembamba, kimeliwa na kutu, na vijiwimbi vya barabara ya Naabi vilikuwa vimemaliza kazi. Mzee alipokigusa kilikatika mkononi kama kamba ya katani iliyooza.

Kuna jambo moja alilonifundisha ambalo natamani kila anayebeba friji kwenye gari alijue. Waya ukipimwa bila mzigo, yaani bila kitu kinachovuta umeme, husema uongo. Hata ukibaki na nyuzi mbili tatu za shaba ambazo hazijakatika, mita itakuonyesha volti 14 kamili, kwa sababu mita yenyewe haivuti chochote. Ndiyo maana alitaka friji iwe inazunguka. Pasipo friji hutumia balbu ya taa ya mbele ya wati 55, ambayo huvuta ampea 4 na ushee. Balbu ikifyonza, waya mbovu unajitaja wenyewe.

Tulivuta nyaya mpya, chanya na hasi, zote mpaka mbele. Wa zamani wa chanya ulikuwa wa milimita za mraba 6, na alinipigia hesabu kwa kalamu juu ya boksi la balbu: mita 5 kwenda, mita 5 kurudi, ampea 30, unapoteza karibu volti 0.9 njiani. Oltaneta inatoa 14.1, betri inaona 13.2, na kwa kiwango hicho betri ya risasi haijai, inadanganywa danganywa tu. Ukiweka wa milimita za mraba 25, upotevu unashuka hadi kama 0.2. Shaba ni ghali, nakubali. Lakini bei ya nyaya zote pamoja na kazi haikufika ya betri moja kati ya zile mbili nilizonunua. Na tafadhali weka fyuzi karibu na kila betri. Waya mnene usio na fyuzi ukichubuka kwenye fremu, hautakusubiri ufungue boneti.

Sasa nigeukie upande wetu sisi madereva, maana si kila lawama ni ya fundi. Tunapenda kusema "nimetembea siku nzima". Umetembea kweli? Game drive, ile mizunguko ya kutazama wanyama, ni kusimama. Umekaa dakika 50 chini ya mkwaju ukimsubiri chui ashuke, injini imezimwa, na kila kompresa ya friji ikizunguka inanyonya ampea 3 au 4. Umesogea kilomita mbili, umezima tena. Na injini ikinguruma pale pale, oltaneta haitoi nguvu yake yote. Betri ya ampea-saa 100 iliyoshuka nusu inahitaji saa kadhaa za mwendo wa kweli, na sehemu yake ya mwisho huingia polepole hata ufanyeje. Nimefunga paneli ya sola juu ya paa, wati 120, na sioni aibu kusema inanisaidia kuliko nilivyotarajia.

Halafu kuna wageni wanaoshuka na magari yao wenyewe kutoka Ulaya, yale mabasi madogo yenye kitanda na jiko. Mwaka jana nilikutana na mmoja, Mjerumani mstaafu, ana tatizo lile lile na gari ni jipya kabisa. Kila kitu kwake kilikuwa safi, nyaya nene, ethi inang'aa. Lakini injini ikishapata joto na betri ya mbele ikajaa, volti zilishuka zenyewe hadi 12.6. Magari mapya ya Ulaya mengi yana oltaneta inayoongozwa na kompyuta, inajizuia ili kubana mafuta. Rilei kama yangu hapo ni bure, inasubiri 13.3 ambayo haiji. Dawa yake ni chaja ya betri kwa betri, inayopokea hicho kidogo na kukipandisha. Hiyo hiyo ndiyo ya kutumia ukihamia betri za lithiamu, kwa sababu lithiamu ikiwa tupu huvuta moto mwingi mpaka inaweza kuiunguza oltaneta. Mjerumani alikuwa ameshauziwa betri mpya njiani, mara mbili. Tulicheka pamoja, ingawa mimi nilicheka kidogo zaidi.

Ile betri yangu ya kwanza, iliyogongwa kidole ikahukumiwa, nilimpa jirani anayefuga kuku wa nyama. Aliichaji polepole siku mbili, na hadi leo inawasha taa za banda usiku kucha. Juzi kaniuliza kama sina nyingine iliyokufa.