Migombani si mjini, hata tukibanana

Huku Sweden mji hauhitaji ghorofa wala stendi. Nyumba zikiwa jirani, pasizidi mita 200 kati ya moja na nyingine, na wakazi wakafika 200, takwimu za taifa zinawahesabu kuwa watu wa mjini. Ninapoishi, Småland, pana duka moja la vyakula, shule ya msingi, na msitu pande zote. Jioni hukutani na mtu barabarani. Kwa kipimo chao huo ni mji.

Sasa panda nacho Kibosho. Ukishatoka manispaa ya Moshi, hadi unakaribia msitu wa Kilimanjaro, ni vihamba vimepakana: nyumba katikati ya migomba na kahawa, kaburi la babu pembeni, na kwa jirani ni kuvuka mfongo tu, yaani mfereji wa maji. Kwa hesabu ya Wasweden, sehemu kubwa ya mteremko ule ni mjini. Kwetu ni kijiji, maana Tanzania hutazama zaidi mamlaka: uko chini ya halmashauri ya wilaya, au ya mji? Ndiyo maana huniuma mtu akisema Wasweden zaidi ya asilimia 85 wanaishi mjini, sisi kwa sensa ya 2022 ni asilimia 34.9, eti hiyo ndiyo picha ya maendeleo. Kila nchi imepima kwa futi yake.

Kwenye kundi la ukoo, wadogo zangu wanataka huko juu kutangazwe mji ili barabara za ndani ziwekwe lami na taka zizolewe. Madai yao ni ya haki kabisa, ila njia ndiyo inanitia hofu. Leo ardhi ile iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na hakimiliki ya kimila inaweza kuwa ya kudumu. Ikigeuka ya mji, mbele kuna upimaji wa viwanja, hati za miaka 33, 66 au 99, na kodi ya ardhi kila mwaka. Sheria ndogo za mji nazo hubana ufugaji. Ng'ombe wa shangazi atakwenda wapi?

Mimi naona shamba ni pale ardhi inapokulisha. Moshi mjini hata ndizi unanunua soko la Mbuyuni; Kibosho unakata mkungu nyuma ya jiko. Kubanana hakubadilishi hilo.

Na huduma hazingoji jina. Huku Sweden hata nyumba iliyo peke yake msituni ina umeme, na gari la taka linaifikia, bila mtu kuiita mji. Idadi ya watu wa kila kata yetu inajulikana tangu sensa. Madiwani wetu wadai lami na gari la taka kwa idadi hiyo, na vihamba viachwe vilivyo.